Bolti Ikigoma, Ganda Likikwama: Utatuzi wa Matatizo ya Kubana Maganda ya Bunduki

Ganda la shaba likishafyatuliwa si lile tena lililotoka kiwandani. Baruti inapowaka, ganda hutanuka mpaka likaegemea kuta za chemba (tundu la bunduki linalokaa risasi), kisha husinyaa kidogo tu, kiasi cha kuweza kutoka. Anayejaza risasi zake mwenyewe hulibana upya ndani ya dai (kalibu ya chuma inayolirudishia umbo) kabla ya kutia fataki mpya (kiwashio cha baruti), baruti na kichwa cha risasi. Malalamiko mengi ninayoyasikia kutoka kwa Waswahili wenzangu tunaowinda kulungu huku Marekani huanzia kwenye hatua hiyo moja. Bolti, yaani komeo linaloifunga chemba, haifungi, ganda limeng'ang'ania ndani ya dai, shingo zimepasuka, au mbaya zaidi, ganda limekatika vipande viwili ndani ya bunduki.

Kwanza sheria. Kwa sheria ya shirikisho ya Marekani, kujaza risasi za matumizi yako mwenyewe hakuhitaji leseni, lakini ukitengeneza kwa ajili ya kuuza unahitaji. Nyumbani mambo ni mengine kabisa. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na Kenya ina Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Usifungashe presi (mashine ya mkono inayolisukuma ganda ndani ya dai) ukaenda nayo likizo ukidhani ni vifaa vya gereji.

Nitatumia maneno haya: kitako ni upande wa fataki, tumbo ni sehemu ndefu ya katikati, bega ni pale ganda linapoanza kupungua, shingo ndiyo inayoshika kichwa cha risasi, na mdomo ni ncha ya shingo. Vipimo nitavitoa kwa inchi, kwa kuwa zana zote za huku ni za inchi, na milimita pembeni.

Kabla ya kugusa dai

Dai hutengenezwa ili ibane ganda liingie kwenye bunduki yoyote ya kipimo hicho duniani. Haiijui chemba yako. Kinachoijua chemba yako ni ganda lililofyatuliwa ndani yake. Kwa hiyo chukua maganda matano yaliyotoka kwenye bunduki yako, toa fataki kwa kifaa tofauti kisichobana ganda (fataki iliyotumika huweza kuchomoza na kuharibu kipimo), kisha pima kutoka kitako hadi katikati ya bega. Utahitaji kalipa (kipimio cha urefu mdogo) na kile kipachiko chenye tundu kinachokaa begani. Andika namba kwenye kipande cha karatasi na ukibandike kwenye boksi la dai.

Bunduki ya bolti inataka bega lirudi nyuma inchi 0.001 hadi 0.002 tu kutoka kwenye namba hiyo, yaani milimita 0.025 hadi 0.05. Namba hiyo ikikosewa upande mmoja, bolti haifungi. Ikikosewa upande wa pili, ganda linakatika. Karibu kila tatizo kubwa hapa chini ni mtu aliyeruka kipimo hiki, nami nilikuwa mmoja wao kwa msimu mzima wa kwanza.

Kila jaribio la kuingiza ganda kwenye bunduki lifanywe kwa ganda tupu, lisilo na fataki wala baruti. Vaa miwani ya kinga. Osha mikono ukimaliza na kabla ya kula, maana vumbi la fataki lina madini ya risasi yenye sumu, na mtoto akishika meza ile linamfikia na yeye.

Dalili: bolti haifungi, au inafunga kwa kusukumwa

Hili ndilo la kwanza kwa wingi. Anza na ukaguzi wa bure. Paka bega na shingo ya ganda wino wa kalamu ya kudumu, au moshi wa mshumaa, liingize taratibu, funga bolti bila kuikandamiza sana, litoe. Mahali wino ulipokwanguka ndipo ganda linapogusa chemba. Ukiweza, toa pini ya kufyatulia na springi ya kusukumia ganda kutoka kwenye bolti kabla ya jaribio, ili mkono uhisi ganda peke yake.

*Wino umekwanguka begani.* Bega halijarudi vya kutosha, na hapa pana jambo linalowachanganya hata wazoefu. Ukiteremsha dai nusunusu, tumbo la ganda hubanwa kabla bega halijaguswa. Shaba iliyobanwa pembeni haina pa kwenda ila mbele, kama dawa ya meno kwenye tyubu, kwa hiyo bega husogea mbele. Ganda linatoka kwenye dai likiwa refu kuliko lilivyoingia! Mtu anapima, anashangaa, anadhani kalipa imeharibika. Kalipa ni nzima. Dai haijashuka vya kutosha.

Teremsha dai kidogo kidogo. Nyuzi za dai za kawaida ni 14 kwa kila inchi, na mzunguko mmoja kamili ni kama inchi 0.071, au milimita 1.8. Maana yake digrii 10 tu za duara, mgeuko ambao jicho halioni kwa urahisi, ni karibu inchi 0.002. Ndiyo sababu ule ushauri wa karatasi ya kiwandani, kwamba dai iguse kishikio cha ganda (kipande cha presi kinachoshika kitako) kisha uongeze robo mzunguko, unaweza kukupitisha mbali na mahali ulipopataka. Geuza, bana ganda jipya, pima, geuza tena. Ukifika, kaza pete ya kufungia dai na uiwekee alama.

Ikiwa dai tayari inagusa kishikio na bega bado liko mbele, sababu ya kawaida ni presi inayojipinda kidogo chini ya mzigo. Tazama mwanya kati ya dai na kishikio wakati ganda limo ndani na mkono wa presi uko chini kabisa. Ukiona mwanga, presi inapinda au grisi ni kidogo. Ongeza grisi, kisha shikilia mkono wa presi chini kwa sekunde tatu hivi kabla ya kuurudisha. Mapumziko hayo mafupi huwafanya maganda yatoke na kipimo kinachofanana. Ikishindikana, fundi wa mashine anaweza kupunguza uso wa kishikio kwa sehemu chache za elfu za inchi. Usiusage mwenyewe kwa tupa, kwa sababu ukienda upande, kila ganda litatoka limeinama.

*Maganda mengine yanaingia, mengine yanagoma, na dai haijaguswa.* Shaba imekuwa ngumu. Kila kufyatua na kubana huiongezea ugumu, na shaba ngumu hurudi nyuma kama springi baada ya kubanwa. Maganda yaliyofyatuliwa mara mbili yakichanganywa na ya mara nane hayatatii dai kwa namna moja. Yatenge kwa idadi ya matumizi. Kipande cha karatasi ndani ya kila boksi kinatosha.

*Wino umekwanguka kwenye ncha ya shingo.* Ganda limerefuka kupita kiasi. Ganda la .308 Winchester halipaswi kuzidi inchi 2.015 (milimita 51.18), na .30-06 Springfield inchi 2.494 (milimita 63.35). Likizidi, likate lirudi hadi inchi 0.010 chini ya kikomo, kisha lainisha mdomo ndani na nje. Pima na kukata baada ya kubana, kwa kuwa kubana kwenyewe ndiko kunakorefusha. Hili lisipuuzwe hata kama bolti inafunga. Mdomo mrefu husokomezwa kwenye mwisho wa chemba ukakishika kichwa cha risasi kama koleo, na shinikizo likapanda ghafla hadi kiwango cha kuvunja bunduki.

*Wino umekwanguka kote shingoni.* Shingo ni nene. Chukua ganda lililofyatuliwa ambalo hujalibana na udondoshe kichwa cha risasi mdomoni. Kinatakiwa kiingie chenyewe bila kusukumwa. Kikigoma mwanzoni, shaba ya shingo ni nene kuliko chemba inavyoruhusu. Kikiingia kisha kikagota chini, karibu na bega kumejengeka pete ya shaba nene kwa ndani, na hiyo huondolewa kwa kikatio maalumu. Usiendelee kujaza maganda hayo mpaka tatizo hilo liishe.

*Bega na shingo viko safi, lakini kuna mkwaruzo juu kidogo ya kitako.* Mara nyingi haya ni maganda ya kuokota uwanjani, yaliyofyatuliwa kwenye bunduki inayojipakia yenyewe au kwenye bunduki ya rashasha yenye chemba pana. Dai ya kawaida haifiki chini kiasi hicho. Zipo dai zenye kitako chembamba kwa kazi hiyo, lakini kwa bunduki ya bolti ushauri wangu ni kuyaacha. Shaba ambayo hujui historia yake haina bei nafuu.

Acha na umwite fundi bunduki ikiwa ganda jipya la kiwandani nalo linafunga kwa shida, au ikiwa risasi iliyojazwa imekwama chemba. Usigonge bolti kwa nyundo. Usisukume fimbo kutoka mdomo wa mtutu ukiwa umesimama mbele yake. Elekeza mtutu mahali salama, wahamishe watu, piga simu.

Dalili: ganda limekwama ndani ya dai

Mkono wa presi unapanda, unahisi uzito usio wa kawaida, unaongeza nguvu, kisha ukingo wa kitako unachanika na ganda linabaki juu. Mimi nililipata hili usiku wa kuamkia safari ya kuwinda, na nikazidisha kosa kwa kupigapiga fimbo ya kutolea fataki mpaka ikapinda.

Grisi kidogo ndiyo sababu ya kwanza, na mara nyingi ni sababu pekee. Mafuta ya injini na ya cherehani hayafai, maana hukimbia chini ya shinikizo. Tumia grisi ya maganda au mchanganyiko wa lanolini na spiriti. Ukitumia ule wa kupuliza, subiri spiriti ikauke, dakika tano au zaidi, kabla ya kubana. Wengi hawasubiri, na ganda lenye spiriti mbichi hukwama kana kwamba halikupakwa kitu. Sababu ya pili ni dai mpya ambayo bado ina mafuta ya kuzuia kutu ya kiwandani. Ioshe kwa kiyeyushio, ikaushe, na maganda mawili ya kwanza uyapake kwa ukarimu. Ya tatu ni mchanga na masizi. Maganda yaoshwe kabla ya kuingia kwenye dai.

Kinga iko mkononi mwako. Uzito ukiongezeka katikati ya safari, simama papo hapo, rudisha, ongeza grisi. Ganda lililoingia nusu hutoka, ila lililosukumwa kwa hasira hadi mwisho halitoki.

Likishakwama, kwanza hakikisha fataki imetoka. Ikiwa ndani kuna fataki hai, usitoboe chochote. Hiyo ni kazi ya fundi. Kama imetoka, tia dai nzima kwenye friza kwa saa kadhaa. Shaba husinyaa kwa baridi kuliko chuma, na mara nyingine hiyo pekee hulegeza. Isipotosha, fungua na upandishe fimbo ya kutolea fataki juu iwezekanavyo, toboa tundu la fataki kwa keekee, kata nyuzi za skrubu ya robo inchi kwa tepu (chuma cha kukatia nyuzi ndani ya tundu), kisha weka kikombe cha chuma juu ya kitako na uvute ganda kwa kukaza skrubu. Vifaa hivi huuzwa pamoja kwa bei ndogo kuliko ya dai mpya.

Na ukishabana, futa grisi yote. Ganda lenye mafuta haling'ang'anii kuta za chemba, na msukumo wote huishia kwenye uso wa bolti.

Dalili: pete inayong'aa juu kidogo ya kitako, au ganda limekatika

Hapa naomba utulie. Ukiona mstari mwembamba unaong'aa kulizunguka ganda, milimita 5 hadi 8 hivi juu ya kitako, shaba imeanza kukonda kwa ndani. Ufyatuaji unaofuata, au ule wa baada yake, ganda hukatika hapo. Gesi ya moto ikitoroka inarudi nyuma, kwenye uso wako.

Ukaguzi hugharimu senti chache. Nyoosha kibanio cha karatasi, pinda ncha yake iwe ndoano ndogo, ichonge iwe kali. Ipitishe mdomoni, ishushe hadi chini, kisha ivute juu ukiikandamiza ukutani. Ndoano ikidumbukia kwenye mfereji karibu na kitako, ganda hilo limekwisha. Na usiliondoe lile moja tu ukayaacha mengine ya kundi lake. Yamepita njia moja. Yakague yote.

Sababu kuu ni bega lililorudishwa nyuma kupita kiasi kila mara. Pini ya kufyatulia hulisukuma ganda mbele, kuta zake za mbele hushika chemba, kisha kitako hurushwa nyuma hadi kigonge bolti. Urefu huo wa ziada hutolewa sehemu moja tu, juu ya kitako. Ukirudisha bega inchi 0.008 kwa kufuata karatasi ya kiwandani, unalivuta ganda hapo hapo kila mara. Dawa ni ile namba uliyobandika kwenye boksi. Ganda lililokwisha kukonda halina dawa.

Sababu ya pili ni chemba yenyewe kuwa ndefu. Geji za .308, vipande vya chuma vya kupimia urefu wa chemba, huonyesha hili. Ya kupita ni inchi 1.630, ya kutopita ni 1.634. Bolti ikifungika juu ya geji ya kutopita, mpelekee fundi bunduki, na usifyatue mpaka aseme.

Lee-Enfield ya .303, bunduki ya bolti ya kijeshi ya Waingereza, inahitaji maneno yake, kwa sababu wazee wetu wengi wa King's African Rifles waliibeba, na nimeona wajukuu wao wanaoishi huku wakiinunua kwa mapenzi. Ganda la .303 lina ukingo mpana kitakoni, na ukingo huo ndio unaolizuia lisizame, wala si bega. Chemba za kijeshi zilichongwa kwa ulegevu ili risasi zenye tope zipite, na meno yanayoifunga bolti yake yako nyuma, kwa hiyo bunduki hunyumbuka kidogo chini ya shinikizo. Bega la ganda huruka mbele sana katika ufyatuaji wa kwanza. Ukilibana lote na kulirudisha kwenye umbo la kiwandani kila mara, litakatika baada ya mara chache. Kwa bunduki hii bana shingo tu, au shusha dai kiasi cha kugusa bega kwa shida, ili ganda lianze kujizuia kwa bega lake. Na maganda ya bunduki moja yasiingie nyingine.

Jambo hilohilo lipo kwa maganda yenye mkanda kitakoni, kama .375 Holland & Holland Magnum iliyotoka mwaka 1912 na kujulikana sana katika uwindaji wa Afrika Mashariki, au .300 Winchester Magnum ya mwaka 1963. Viwanda huacha nafasi kubwa begani kwa sababu mkanda ndio unaohesabiwa. Wewe usiuhesabu. Pima bega na ulirudishe inchi 0.002, kama vile mkanda haupo, na maganda yatadumu zaidi.

Kipande cha mbele kikibaki chemba baada ya ganda kukatika, usijaribu kukitoa kwa kufyatua risasi nyingine nyuma yake. Nalisema kwa sababu nimelisikia likipendekezwa. Kuna kifaa cha kukitolea, na fundi anacho.

Dalili: mabonde madogo begani

Grisi nyingi. Imejikusanya begani na haina pa kukimbilia. Punguza, paka tumbo na uliache bega, na uzibue tundu dogo la kupumulia la dai kwa sindano. Bonde dogo lenye ukingo laini hujinyoosha lenyewe kwenye ufyatuaji unaofuata. Lenye mkunjo mkali, litupe.

Dalili: shingo zinapasuka

Mpasuko mmoja kwenye ganda la mara ya kumi ni uzee. Mipasuko mitano kwenye boksi la mara ya tatu ni ujumbe.

Sababu ya kawaida ni ugumu wa shaba, na huongezeka haraka pale dai inapoiminya shingo sana kisha kitanuzi, kile kitufe kilicho kwenye fimbo ya dai, kuitanua tena. Shaba ya maganda ni mchanganyiko wa shaba nyekundu asilimia 70 na zinki asilimia 30, na aina hii ikikunjwa kwenda na kurudi hukakamaa, mwishowe hupasuka. Dai yenye pete za shingo zinazobadilishwa hupunguza mateso hayo.

Sababu nyingine ni amonia. Waingereza waliigundua kwa gharama India, ambako risasi zilizohifadhiwa mazizini wakati wa masika zilipasuka zenyewe bila kufyatuliwa. Amonia ya mkojo wa farasi pamoja na unyevu vilikuwa vimekula shaba iliyobeba mkazo wa kubanwa. Usioshe maganda kwa sabuni ya vioo wala dawa ya kung'arisha yenye amonia. Siki ndogo ndani ya maji ya moto na sabuni ya vyombo inatosha.

Shaba ngumu hulainishwa kwa moto, shingo na bega peke yake, kwa sekunde chache, katika joto la kama nyuzi 400 za Selsiasi. Kazi hii ni nzuri lakini si ya kubahatisha. Kitako kikilainika, ganda halitaweza kubeba shinikizo na bunduki itapasuka mikononi mwako. Kama huna rangi maalumu zinazobadilika kwa joto za kupaka chini ya bega, au mashine iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, usiwashe moto. Nunua maganda mapya.

Dalili: kichwa cha risasi kinazama ndani ya ganda kwa kidole

Baada ya kubana, egemeza ncha ya kichwa cha risasi kwenye ubao na usukume, kabla hujatia baruti wala fataki. Kisisogee. Kikisogea, pima kitanuzi. Kwa kichwa cha inchi 0.308, kitanuzi kinatakiwa kiwe karibu na 0.306. Kikiwa kikubwa, kisuguliwe kwa msasa laini kikizungushwa kwenye keekee, kipungue inchi 0.001 tu. Kitanuzi kikiwa sahihi, shaba imekuwa ngumu na inajifungua baada ya kubanwa, au shingo ni nyembamba kuliko dai ilivyotegemea. Usiifiche kwa kuuminya mdomo kwa nguvu. Kichwa kinachosukumwa ndani wakati wa kupakia hupunguza nafasi ya baruti, na shinikizo hupanda.

Dalili: kitanuzi kinalia, shingo zina mikwaruzo au zimeinama

Sauti ile ya kukwaruza unaporudisha mkono ni shingo kavu kwa ndani. Piga brashi ndani ya mdomo, kisha gusisha unga wa grafiti. Usipofanya hivyo, kitanuzi huivuta shingo upande mmoja na kulivuta bega mbele baada ya kazi yote uliyoifanya ya kulirudisha, nawe utarudi kwenye bolti inayogoma bila kujua ulikotoka. Mikwaruzo ya nje inayojirudia mahali pamoja ni chembe iliyong'ang'ania ndani ya dai. Ioshe, na kama haitoki, msasa laini sana kwenye kijiti cha mbao huiondoa.

Dalili: pini ya kutolea fataki inavunjika

Angalia ndani ya ganda kwa tochi kabla ya kulibana. Ukiona tundu moja katikati, ni mfumo wa Boxer, na unaendelea. Ukiona matundu mawili pembeni, ni mfumo wa Berdan, na pini yako itagonga shaba tupu. Edward Boxer alikuwa Mwingereza na Hiram Berdan Mmarekani, wote wa miaka ya 1860, lakini Marekani ikashika mfumo wa Boxer na sehemu kubwa ya Ulaya ikashika wa Berdan. Kwa hiyo maganda ya kijeshi yaliyotoka Ulaya yachunguze moja moja. Sababu zilizobaki ni kokoto ndani ya ganda, fimbo iliyopinda, na maganda ya kijeshi ambayo fataki yake imebanwa kwa pete. Haya ya mwisho yanahitaji pini nene, na pete ikatwe kabla ya kutia fataki mpya.

Dalili: fataki mpya inaingia bila upinzani

Hapa dai haina kosa, na hakuna namna ya kubana itakayosaidia. Kishimo cha fataki kimetanuka kwa sababu kitako chote kimetanuka, na kitako hutanuka kwa shinikizo lililozidi. Kama ni ganda moja la zamani, tupa. Kama ni boksi zima la mara ya kwanza au ya pili, acha kufyatua risasi zote zilizobaki za kundi hilo, hata zilizokwisha kujazwa vizuri, na rudia kila kipimo cha baruti ukilinganisha na kitabu cha kiwanda husika. Ukiona pia fataki zilizobapa au bolti nzito kufunguka, mpelekee fundi bunduki kabla ya risasi nyingine yoyote.

Kila ganda unalolikataa, liponde mdomo kwa koleo hapo hapo mezani. Ganda bovu lililo zima kwa macho hurudi kwenye kikapu pamoja na mengine, na miezi sita baadaye hutalikumbuka.